Mwenye Banda Anajua Tunachokiogopa

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa usipa wa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, hulala nyumbani. Usipa huvutwa kwa taa, na taa haifui dafu kwenye maji ambayo mbalamwezi imekwisha kuyamulika. Mitumbwi inabaki mchangani, vijana wanabaki kijijini, mfukoni mna chochote cha siku zilizopita, na usingizi hauji mapema kwa mtu aliyezoea kukesha. Mwenye banda la video anaifuata hesabu hiyo kuliko kalenda ya ukutani. Muvi za ngumi, za Kihindi na za mapenzi anazionyesha wakati wowote. Za kutisha anazitunza hadi mbalamwezi, kwa sababu ndipo wateja wake wanapokuwa nchi kavu, na kwa sababu muvi ikiisha saa tano usiku watu wanataka kuiona njia ya kurudi nyumbani.

Sifa za filamu huenda kwa mwongozaji na waigizaji, na ni haki yao. Mimi nataka kumsifu mtu wa mwisho kabisa, huyu anayekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, pembeni ya deki, akiwa na rimoti mkononi. Hajawahi kutengeneza filamu. Kazi yake ni kuzitafuta, kuzichuja, na kujua ipi apewe nani. Wa aina yake wapo kuanzia Lituhi mpaka Mbamba Bay, na kila mji wa Tanzania uliowahi kuwa na kibanda umiza unaye mmoja anayekumbukwa. Lakini wengi wanakumbukwa kwa sauti kubwa ya spika. Wa kwetu anakumbukwa kwa kuchagua.

Zamani, kabla lami haijashuka hadi Mbamba Bay, kupanda Mbinga kulikuwa safari ya kuchosha, hasa masika, na hakuna aliyepanda milima ya Umatengo kwenda kubahatisha. Mwenye banda alikwenda msimu wa kahawa, fedha zikishaingia mjini na meza za CD zikishajaa mzigo mpya. Pale mezani palikuwa na zile diski za muvi ishirini kwa moja, zilizobanwa mpaka sura za watu zinavunjika vipandevipande, kava limejaa mafuvu, mapanga na majina yaliyokosewa herufi. Muvi mbili tatu za juu zilikuwa kubwa, za studio za Marekani, na ndizo zilizoiuza diski. Zilizofuata zilikuwa za kujazia: kazi za watu wasiojulikana, zilizopigwa kwa kamera moja, porini au ndani ya nyumba ya kuazima, kwa fedha za kuchangishana. Wanunuzi walitazama zile za juu, diski ikaishia kuchezewa na watoto. Yeye alianzia chini, ya ishirini, akapanda.

Ukikaa naye akichambua utaona kwanza kwamba haangalii. Anaipa skrini mgongo na kusikiliza. Muvi ya bei ndogo isiyo na akili hujisaliti kwa sauti: muziki unapiga kelele kabla mlango haujafunguliwa, kila paka ana ngoma yake, kila kivuli kina kinanda. Aliyeitengeneza hana imani na picha yake mwenyewe, kwa hiyo anamsukuma mtazamaji aruke. Muvi yenye akili huacha sauti ya chumba ibaki, mtu anatembea na unazisikia ndala zake, halafu ndala zinasimama. Mwenye banda akisikia hivyo hugeuka.

Kisha anapeleka mbele hadi usiku wa kwanza. Usiku ni mtihani mgumu kwa mtu asiye na fedha, maana giza halipigiki picha bila taa, na taa ni gharama. Wengi hufunga balbu moja kubwa mbele ya waigizaji. Nyuso zinang'aa, na nyuma yao ukutani pana vivuli ambavyo mwezi wa kweli haungeweza kuvitoa. Mwenye akili anaiweka taa mbali, nyuma ya dirisha au nje ya mlango, na kumwacha mwigizaji aingie na kutoka gizani. Ni taa ileile na bei ileile. Nimejifunza kwake kulitazama jambo hilo kabla ya jingine lolote, na sasa siwezi kuacha.

Cha tatu ni zimwi. Likionekana lote katika dakika tano za mwanzo, muvi inatoka. Hamdharau aliyelitengeneza, anachosema ni kwamba mtu huyo ameshatumia akiba yake yote na bado ana saa nzima ya kuishi. Mwaka 1999 vijana wa Marekani walitoa The Blair Witch Project, ambayo waigizaji wenyewe walibeba kamera msituni Maryland, kwa siku nane. Mchawi anayetajwa kwenye jina haonekani hata mara moja. Upigaji wake uligharimu makumi machache ya elfu za dola, na ikaingiza karibu dola milioni 250 duniani. Kwa fedha zile wasingeweza kumtengeneza mchawi wa kuaminika, basi wakatengeneza vijiti vilivyofungwa pamoja na kuning'inizwa mitini, na sauti za mbali usiku, na nyuso za watu waliochoka. Muvi za kutisha za bei ndogo zikiwa nzuri huwa nzuri mahali hapo hapo fedha zilipopungua. Mchaguzi mzuri hutazama pale kwanza, aone kama mtengenezaji alijificha au alifikiri.

Ikipita hapo, anaitazama yote mara mbili. Ya kwanza peke yake. Ya pili anaiweka nyumbani mchana, dada yake akimenya muhogo. Dada hapendi muvi na hana habari na ile inayocheza. Mwenye banda hatazami skrini, anatazama kisu. Kisu kikisimama, anaangalia saa ya deki na kuandika dakika kwenye daftari. Kuna muvi zenye damu ya ndoo mbili ambazo kisu hakikusimama hata mara moja. Na kuna moja, sikumbuki hata jina lake, ambayo mama mmoja ndani yake anapanga sahani mezani, anapanga moja zaidi ya watu waliomo nyumbani, na hakuna anayemuuliza kwa nini. Hapo kisu kilisimama muda mrefu.

Vijana wengi hudhani mvuvi atatishwa na maji. Waliwahi kumsihi mwenye banda alete muvi za papa. Zikatazamwa kwa furaha tu. Mtu anayekesha juu ya ziwa lenye kina cha takriban mita 700 anayajua maji vya kutosha, na hofu yake ya maji ni ya kazi, ina majina na ina dawa: kutazama mawingu, kusikiliza upepo wa kusini, kurudi mapema. Kilichowapata wavuvi wa Lipingo ni Paranormal Activity. Oren Peli aliipiga ndani ya nyumba yake mwenyewe mjini San Diego, kwa takriban dola 15,000, na ikaonyeshwa mara ya kwanza mwaka 2007. Sehemu kubwa ya vitisho vyake ni kamera iliyosimama chumbani, wapenzi wawili wamelala, mlango uko wazi, na saa inakimbia kwenye kona ya picha. Mlango unasogea kidogo. Hakuna zaidi. Lakini wale ni wanaume wanaowaacha wake na watoto nyuma ya mlango siku nyingi za mwezi, wakaenda kuwasha taa mbali na ufuko. Mwenye banda aliliona hilo kabla yao. Aliniambia alipoitazama mara ya kwanza hakumfikiria mtu mwingine, aliwafikiria wao tu: wanachokiogopa wamekiacha nyumbani. Sijui mhakiki wa sinema aliyewahi kuwasoma watazamaji wake kwa makini kiasi hicho.

Anayoiheshimu kuliko zote ni Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968. Ilipigwa Pennsylvania, nyeusi na nyeupe, kwa takriban dola 114,000. Damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti, ambayo kwenye picha isiyo na rangi inakuwa nzito na nyeusi sawasawa. Wasambazaji walipobadili jina la filamu walisahau kuweka tena tamko la hakimiliki, na kwa sheria za Marekani za wakati ule ikawa mali ya umma, ndiyo sababu ilizagaa dunia nzima na ndiyo sababu mwenye banda anaweza kuionyesha bila wasiwasi wa mtu yeyote. Watu wamejifungia ndani ya nyumba moja shambani, wafu wanakuja taratibu. Kwenye mabanda yetu ipo sheria inayojulikana na kila mtoto: steringi hafi. Steringi hapa ni Ben, anayeigizwa na Duane Jones, mtu mweusi, jambo la nadra sana kwa Marekani ya 1968. Ndiye anayepigilia mbao madirishani, ndiye mwenye akili iliyotulia. Siutaji mwisho wake, kwa kuwa mwenye banda hajawahi kumtajia mtu. Nasema tu kwamba usiku alipoionyesha watu walibaki nje ya banda wakibishana kwa hasira, wengine wakidai warudishiwe kiingilio, na mmoja, mvuvi wa makamo, akitetea kwamba mwisho ule ndio pekee ungeweza kuwa wa kweli. Walibishana juu ya bunduki, juu ya rangi ya mtu na juu ya haraka ya umati.

Za nyumbani anazipa nafasi ambayo watu wa mjini hawazipi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitoa Nsyuka, muvi ya kutisha ambayo jina lake ni la Kinyakyusa, la watu wa upande wa kaskazini wa ziwa hili letu; baadaye akatoa Shumileta, ya jini la kike. Nyuma ya muvi hizi yapo mafunzo ya Nigeria, hasa Living in Bondage ya mwaka 1992, ambamo mume anamtoa mkewe kafara apate utajiri na marehemu anakataa kumwacha. Visiwani nako, hofu ya pepo Popobawa iliyoikumba Pemba na Unguja mwaka 1995 ilikuja kuwa muvi. Kazi hizi zilitengenezwa kwa siku chache, na ziligawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzike mara mbili. Vijana hucheka jini anapotoweka, kwa kuwa wanajua kilichofanyika: kamera imesimamishwa, mwigizaji ametoka, kamera ikaendelea. Hila hiyo ndiyo aliyoitumia Mfaransa Georges Méliès mwaka 1896 katika Le Manoir du diable, filamu ya dakika tatu hivi ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza ya kutisha duniani. Banzi na wenzake walikuwa wakitumia chombo kilekile cha fundi wa kwanza. Mwenye banda haijui historia hiyo, ila huwaambia wanaocheka wasubiri. Anachokitafuta kwenye muvi za Bongo ni nyumba. Anasema Mmarekani hutishika na nyumba tupu, lakini nyumba zetu hazikai tupu. Vitisho vyetu vinatokea sebuleni shangazi akiwepo, kaka akiwepo, na mgeni aliyekuja na begi moja na hasemi ataondoka lini.

Tatizo kubwa lilikuwa watafsiri. Nawapenda watafsiri. Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, VJ Jingo wa Uganda, hawa wamewafungulia mamilioni ya watu filamu ambazo zingebaki za wajuao Kiingereza, na watafsiri wa Dar walijilinganisha na mpishi anayegeuza wali kuwa pilau. Kwa muvi za ngumi, pilau ni tamu. Huko Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana alipotengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, sauti ya VJ Emmie ikawa sehemu ya filamu yenyewe. Lakini kitisho hakitaki viungo. Mtafsiri akisema "sasa angalieni, huyo mchawi yuko nyuma ya pazia," kazi ya mwongozaji imekwisha. Mwenye banda wetu akiwa na muvi iliyotafsiriwa, anaisikiliza kujua kama mtafsiri anajua kunyamaza. Asipojua, anatafuta nakala isiyo na tafsiri, na kabla ya kuianza anasimama mbele na kueleza kwa maneno machache: hawa ni ndugu, huyu amefiwa, nyumba hii wameirithi. Kisha anakaa. Watu wasioelewa Kiingereza wanaitazama saa moja na nusu bila kuuliza, kwa kuwa hofu haikai kwenye maneno.

Ilibidi pia aishughulikie jenereta. Ikinguruma karibu, sehemu zote za kimya zinakufa, na muvi ya kutisha ni sehemu za kimya. Alinunua waya mrefu, akaipeleka jenereta nyuma ya miembe na kuizungushia matofali. Wenye mabanda wengine walidhani anaogopa wezi.

Halafu kuna anachokataa kuonyesha, na hapa ndipo heshima yangu kwake ilipoota mizizi. Kukiwa na msiba banda linafungwa, hilo ni la kila mtu. Yeye anakwenda mbali zaidi: kwa wiki kadhaa baada ya maziko hachezi muvi yoyote ya wafu wanaorudi. Watoto wa shule anawatoa kabla ya muvi ya kutisha, hata kama mzazi ameshalipa. Na ipo aina moja ambayo haiingii bandani kwake kabisa: ile ambayo kikongwe mwenye macho mekundu anafichuliwa kuwa mchawi, umati unamchoma moto, na muziki unatuambia tushangilie. Nchi hii imewazika bibi wengi waliouawa kwa tuhuma hizo. Huku kusini, ambako kila mtu amelisikia simulizi la ndondocha, mtu aliyefichwa ghalani akifanyishwa kazi usiku, muvi haimalizikii kwenye skrini. Inarudi nyumbani na mtu na kumfanya amtazame jirani upya. Mwenye banda anasema muvi nzuri ya kutisha inamrudisha mtu akijiogopa mwenyewe kidogo. Ikimrudisha akimwogopa bibi wa nyumba ya pili, hiyo ni hatari na haina ufundi wowote.

Siku hizi diski zimekufa. Vijana wanakuja na memori kadi na flashi wawekewe, banda linajaa siku za mpira tu, na muvi za kutisha zimehamia kwenye simu, chini ya shuka. Ningedhani kazi yake ingeisha. Imekuwa ngumu zaidi, kwa sababu sasa hatazami umati tu, anampimia na mtu mmoja mmoja. Nilikuwa pale binti mmoja alipofika.

"Shikamoo anko."

"Marahaba. Unataka ya kutisha? Mnaangalia wangapi?"

"Mimi na mdogo wangu, wa darasa la tano."

"Mama yupo?"

"Mama yuko Songea mpaka Jumapili."

Aliiondoa kwenye orodha ile ya mlango unaosogea, akamwekea nyingine ya msituni, isiyotisha. "Hiyo ya kwanza nitakupa mama akirudi," akasema. Hakusema kama ni nzuri. Sijawahi kumsikia akiisifu muvi anapompa mtu. Huuliza unalala na nani, umekula, kazi yako ya kesho ni saa ngapi, halafu anachagua. Kwa muvi za Bongo zinazopatikana kihalali humtaka mteja alipie nakala yake, kwa kuwa amewaona watengenezaji wake wakitoweka mmoja mmoja soko lilipoporomoka, na anajua kwamba mtu aliyepiga muvi nzuri kwa fedha ya kuazima anahitaji kuirudisha ili apige ya pili.

Mwaka huu kijana wa upande wa Liuli alimletea simu. Alikuwa amepiga filamu yake fupi ya ndondocha, rafiki yake amepakwa unga usoni, anatembea akining'iniza mikono. Mwenye banda aliitazama yote bila kucheka, mara mbili. Kisha akamwambia: "Mdogo wangu, mtoe huyo ndondocha. Nionyeshe mtu anayebeba pumba kupeleka ghalani kila jioni, na hafugi kuku." Kijana alirudi nayo imepigwa upya, dakika nne, taa moja nje ya mlango wa ghala. Dada mtu aliitwa na beseni lake la muhogo. Mwenye banda akaandika dakika ya pili na sekunde arobaini kwenye daftari, na chini yake: watu wazima tu, mbalamwezi ijayo, itangulie ya Romero.